Mashine Iliyoanza na Bei: Kisa cha Mhandisi Masayuki Uemura na Famicom

Mnamo Novemba 1981, Hiroshi Yamauchi, rais wa kampuni ya Nintendo ya mjini Kyoto, alimpigia simu nyumbani mkuu wa idara yake ya pili ya utafiti na uundaji, Masayuki Uemura, akamwagiza atengeneze mashine ya michezo ya kuunganishwa na televisheni ambayo ingetumia kaseti za kubadilishwa. Uemura alisimulia miaka mingi baadaye kwamba rais alikuwa na desturi ya kumpigia simu akiwa amekwisha kunywa kidogo, kwa hiyo aliitikia tu na kukata simu bila kulitilia maanani jambo hilo. Asubuhi iliyofuata Yamauchi, sasa akiwa timamu, alimwendea kazini kuhakikisha kwamba agizo lake limesikika. Agizo lenyewe lilibeba masharti mawili yaliyokinzana: mashine iwe ya bei ambayo mzazi wa kawaida nchini Japani angeweza kuimudu, na wakati huohuo iwe bora kiasi cha kuwaacha washindani nyuma kwa muda mrefu.

Mashine iliyotokana na simu hiyo, Family Computer au kwa kifupi Famicom, imeandikwa sana kwa upande wa michezo yake na kwa upande wa ukali wa Yamauchi katika biashara. Uhandisi wake hutajwa kwa aya moja na kupitwa. Kisa hiki kinastahili kuangaliwa kutoka upande huo, kwa sababu karibu kila kipande cha Famicom kilikuwapo tayari mahali fulani duniani, na kilichomtofautisha Uemura ni mpangilio wa maamuzi yake: alianza na bei, kisha akaamua nini kipunguzwe bila huruma na nini kisiguswe hata kikigharimu. Pale mpangilio huo ulipovurugwa, kama ilivyotokea mashine ilipopelekwa Marekani, kazi ya idara yake ilionyesha nyufa.

Uemura alizaliwa Tokyo mwaka 1943, vita vikiwa vimepamba moto, na familia yake ikahamia Kyoto kuyakimbia mabomu. Alisomea uhandisi wa elektroniki katika Taasisi ya Teknolojia ya Chiba, kisha akaajiriwa na Hayakawa Electric, kampuni ambayo muda si mrefu ilichukua jina la Sharp. Kazi yake huko ilikuwa kuuza seli za mwanga, yaani vipande vidogo vinavyogeuza mwanga kuwa umeme, na alizunguka kwa makampuni kuwashawishi wavitumie. Miongoni mwa wateja alikuwamo Nintendo, wakati huo kampuni ya karata za hanafuda iliyokuwa imeanza kutengeneza vitu vya kuchezea. Mhandisi wa Nintendo, Gunpei Yokoi, aliziona seli hizo akapata wazo la bunduki ya kuchezea inayotoa mwali wa mwanga, ambapo shabaha yenye seli huanguka ikimulikwa. Bunduki hizo ziliuzwa vizuri, na mwanzoni mwa miaka ya 1970 Uemura aliacha kuuza vipuri akahamia upande wa mnunuzi.

Historia hiyo ya uuzaji si pambo la wasifu. Mtu aliyewahi kukaa upande wa pili wa meza anajua kwamba bei ya kipuri haianguki kutoka mbinguni, kwamba kiwanda chenye mashine zisizo na kazi hukubali masharti ambayo kiwanda chenye oda nyingi hukataa, na kwamba idadi ya oda hubadilisha mazungumzo yote. Ujuzi huo ndio uliookoa mradi wa Famicom miaka kumi baadaye, pengine kuliko ujuzi wa saketi.

Kabla ya hapo alipitia mambo mawili yaliyomfunza. La kwanza ni mradi wa mwaka 1973 wa kugeuza kumbi za bowling zilizopoteza wateja kuwa mahali pa kulenga shabaha kwa mwanga. Mradi ulianza kwa shangwe, lakini mgogoro wa mafuta wa mwaka huohuo ulizifuta oda na kuiachia Nintendo mzigo wa madeni. La pili ni mashine za Color TV-Game za mwaka 1977, zilizotengenezwa kwa ushirikiano na Mitsubishi Electric. Moja iliuzwa kwa yeni 9,800 na nyingine, yenye michezo 15, kwa yeni 15,000. Ziliuzwa kwa wingi, ila michezo yote ilikuwa imechongwa ndani ya chipu, hivyo mnunuzi aliyechoka na tenisi ya vijiti viwili hakuwa na la kufanya isipokuwa kuiweka mashine kabatini.

Basi mwaka 1981 tatizo lilikuwa wazi. Nintendo ilikuwa imetoa mchezo wa Donkey Kong kwa ajili ya kumbi za michezo, yaani mahali ambapo watu hulipa kucheza kwenye mashine kubwa za video, na mchezo huo ulikuwa ukivuna fedha Japani na Marekani. Mashine iliyouendesha ilitumia kichakataji, yaani chipu inayotekeleza maagizo ya programu, cha aina ya Z80, pamoja na ubao mkubwa uliojaa chipu, na gharama yake ilikuwa mbali kabisa na uwezo wa familia. Uemura na wenzake walizifungua mashine za washindani kuchunguza yaliyomo ndani, lakini walichokiona hakikuwasaidia sana, maana mashine kama Atari 2600 ya mwaka 1977 ilikuwa na baiti 128 tu za kumbukumbu na haikuweza kuonyesha kitu kinachofanana na Donkey Kong halisi. Njia iliyobaki ilikuwa kuagiza chipu maalumu, na Nintendo haikuwa na kiwanda cha chipu wala wahandisi wa kutosha wa kuichora.

Hapo ndipo Ricoh iliingia. Kampuni hiyo, inayojulikana zaidi kwa mashine za kunakili karatasi, ilikuwa na kiwanda cha chipu chenye mitambo mizuri na kazi chache. Wahandisi wake walivutiwa na wazo la kuiingiza Donkey Kong sebuleni, lakini bei iliyotakiwa na Nintendo, yeni 2,000 kwa chipu, ilionekana kuwa mzaha. Yamauchi alilimaliza suala hilo kwa kuahidi oda ya chipu milioni 3 ndani ya miaka 2. Ilikuwa ahadi ya kutisha kwa mashine ambayo ilikuwa bado haijauzwa hata moja, na kama mauzo yangedorora huenda leo tungekuwa tunakichambua kisa hiki kama mfano wa uzembe. Ninalisema hili kwa sababu simulizi nyingi huisifu ahadi ile kana kwamba ushindi ulikuwa umeandikwa. Ilikuwa ni kamari, ingawa ilichezwa na watu waliofanya hesabu.

Ricoh ilikuwa na leseni ya kichakataji cha 6502, kilichobuniwa na kampuni ya Marekani ya MOS Technology na kutumika katika kompyuta ya Apple II. Wahandisi wa Nintendo walikuwa wameizoea Z80, na kuhama kulimaanisha kuanza kujifunza upya. Hata hivyo 6502 ilikuwa na sifa mbili zilizomvutia mtu anayehesabu senti. Kwanza, ilichukua eneo dogo kwenye silikoni, kwa hiyo sehemu ya sauti iliweza kuwekwa ndani ya chipu hiyohiyo, yenye njia tano za sauti, bila kununua chipu nyingine. Pili, ilikuwa ngeni nchini Japani, hivyo mshindani aliyetaka kuiga angepata shida kuwapata watu wanaoijua. Ugeni huo uliiuma Nintendo pia, na miongoni mwa waliosaidia alikuwa kijana wa kampuni ndogo ya HAL Laboratory, Satoru Iwata, ambaye aliifahamu 6502 kutokana na kompyuta ya Commodore PET. Iwata alikuja kuandika michezo ya mwanzo ya Famicom, na mwaka 2002 akawa rais wa Nintendo.

Tukiifungua Famicom yenyewe, tunaona wapi kisu kilipita. Kumbukumbu ya kazi ni kilobaiti 2 tu, na ya picha ni kilobaiti 2 nyingine. Hakuna kibodi, hakuna diski, hakuna programu yoyote ya kudumu ndani ya mashine: ukiiwasha bila kaseti, haina la kufanya. Vidhibiti viwili vya mkononi viliunganishwa moja kwa moja kwa waya, bila soketi, kwa sababu soketi ni gharama. Kwa upande mwingine, chipu ya picha haikupunguzwa. Iliweza kuonyesha vikatuni 64 vinavyojongea kwa wakati mmoja, ingawa si zaidi ya 8 kwenye mstari mmoja wa skrini, na ndiyo maana wachezaji wa zamani wanakumbuka wahusika wakimetameta wanaporundikana. Muhimu zaidi, iliweza kuisogeza mandhari ya nyuma kwa ulaini, hatua ndogo kwa hatua ndogo, bila kumchosha kichakataji.

Umuhimu wa uamuzi huo unaonekana tukiilinganisha Famicom na mashine ya SG-1000 ya Sega, ambayo kwa sadfa iliingia sokoni siku ileile, 15 Julai 1983. Famicom iliuzwa kwa yeni 14,800 na SG-1000 kwa yeni 15,000, kwa hiyo mnunuzi dukani hakuona tofauti ya mfukoni. Sega ilikuwa imechagua njia ya busara ya kawaida: Z80 ya dukani na chipu ya picha ya Texas Instruments, vitu ambavyo mtengenezaji yeyote angeweza kuviagiza. Chipu hiyo haikuwa na uwezo wa kuisogeza mandhari kwa ulaini, na kila kikatuni chake kilikuwa na rangi moja. Vya Famicom vilikuwa na rangi tatu kila kimoja. Kwa mtoto anayetazama skrini mbili dukani, maelezo ya kitaalamu hayakuhitajika. Kwa bei ileile, mashine moja ilikuwa imenunuliwa vipande vipande na nyingine ilikuwa imechorwa kwa ajili ya kazi moja.

Lakini uamuzi ninaouona kuwa wa maana kuliko yote ulikuwa kwenye soketi ya kaseti. Pini 60 za soketi hiyo ziliziwezesha njia za kichakataji na njia za chipu ya picha, zote mbili, kufika hadi ndani ya kaseti. Kaseti ilibeba programu kwenye chipu moja na picha kwenye chipu nyingine, na hata mpangilio wa kumbukumbu ya picha, yaani kama mandhari itasogea kwa urahisi kwa upana au kwa urefu, uliamuliwa na waya uliomo kwenye kaseti. Mwanzoni ilikuwa njia ya kuokoa gharama, kwa kuwa kilichohamishiwa kwenye kaseti kilipungua kwenye mashine. Matokeo yake yalikwenda mbali. Donkey Kong ya Famicom ilikuwa na kilobaiti 24, na ilibidi iachwe hatua moja kati ya nne za mchezo wa kumbi. Super Mario Bros. ya Septemba 1985 ilikuwa na kilobaiti 40, kiasi kilichofikia kikomo cha kaseti ya kawaida. Baada ya hapo watengenezaji walianza kuweka ndani ya kaseti chipu za ziada za kubadilisha kurasa za kumbukumbu, na baadhi ya kaseti zikawa na betri ya kuhifadhi mchezo. Mashine ya mwaka 1983 iliweza kucheza michezo ya mwaka 1990 kwa sababu kaseti ilikuja na nyongeza yake yenyewe. Sina hakika kwamba Uemura aliyaona hayo yote mapema, na sidhani kama ni lazima kumpa sifa ya unabii. Inatosha kwamba aliuacha mlango wazi mahali ambapo mwingine angeufunga kwa ajili ya unadhifu.

Kwenye vidhibiti pia kuna somo la uhandisi wa nyumbani. Usukani wa fimbo kama wa kumbi za michezo ulifikiriwa, lakini Uemura alihofia kwamba mtoto angeukanyaga sakafuni, ama auvunje ama aumie. Badala yake walichukua kitufe cha msalaba ambacho Yokoi alikuwa amekitumia mwaka 1982 kwenye mchezo wa mkononi wa Donkey Kong. Vitufe viwili vya kubonyezea vilikuwa vya mpira, vya umbo la mraba, na vilikwama kwenye kingo zake. Ilibidi vibadilishwe kuwa vya mviringo. Kidhibiti cha pili kilipewa kipaza sauti kidogo, jambo ambalo kwa mtu aliyekuwa akibana kila yeni ni anasa ya ajabu, ila inapendeza kuona kwamba hata mbanaji alikuwa na udhaifu wake. Kuna pia swichi ya kutolea kaseti ambayo kiufundi haikuhitajika sana, kwani kaseti ilitoka hata kwa mkono. Uemura aliiacha kwa sababu watoto walifurahia kuisukuma. Rangi nyekundu na nyeupe zilikuwa pendekezo la Yamauchi.

Miezi michache baada ya mauzo kuanza, mashine zilianza kukwama katikati ya mchezo. Kasoro iligunduliwa kwenye chipu. Kampuni ingeweza kubadilisha mashine za waliolalamika pekee, kwa kuwa hazikuwa zote zilizokwama, na kuendelea kuuza katika msimu wa mwaka mpya ambao nchini Japani ndio watoto hupewa fedha na jamaa zao. Yamauchi aliamuru zote zirudishwe na bao zake za saketi zibadilishwe. Hasara ilikuwa kubwa, na kwa idara ya Uemura ilikuwa aibu ya hadharani, lakini mwishoni mwa 1984 Famicom ilikuwa ndiyo mashine ya michezo inayouzwa kuliko zote Japani. Wachambuzi wa biashara huupa uamuzi huu sifa zote za maadili. Mimi naona hesabu pia: kampuni iliyokwisha kuahidi kununua chipu milioni 3 ilikuwa na hasara kubwa zaidi ya kuogopa kuliko kurudisha mashine zilizokwisha kuuzwa.

Marekani ni habari nyingine. Soko la michezo ya nyumbani lilikuwa limeporomoka mwaka 1983, na wenye maduka hawakutaka kusikia neno mchezo wa video. Mwanzoni mwa 1985 Nintendo ilionyesha toleo lililojaa mapambo, lenye kibodi na vidhibiti visivyo na waya, na halikupata wanunuzi. Katikati ya mwaka huo lilikuja jingine, Nintendo Entertainment System (NES), sanduku la kijivu lililochorwa na Lance Barr ili lifanane na mashine ya kuchezea kanda za video, kaseti ikiingizwa kwa mbele kupitia mlango na kisha kubonyezwa chini. Mauzo ya majaribio yalianza New York mwezi Oktoba 1985. Kibiashara mbinu hiyo ilifaulu kupita matarajio.

Kiuhandisi ilikuwa hatua ya kurudi nyuma. Soketi ya Famicom ilikuwa rahisi: kaseti inashuka wima, pini zinabana. Ile ya Marekani ilikuwa na pini 72 na mfumo wa kubonyeza ambao baada ya matumizi mengi ulilegea, pini zikapinda au kuchafuka, na chipu ya ulinzi iliyowekwa kuzuia kaseti zisizoruhusiwa ikawa inaiwasha na kuizima mashine kila ilipokosa mawasiliano mazuri na kaseti. Kizazi kizima cha watoto kiliamini kwamba dawa ni kupuliza kaseti kwa mdomo, kumbe mate huongeza kutu. Hapa bei haikuwa mwanzo wa hesabu, wala mtoto. Mwanzo ulikuwa woga wa mwenye duka, na umbo la nje likaamrisha namna ya kuunganisha saketi. Mwaka 1993 Nintendo ilitoa toleo dogo la mashine hiyo, na kaseti ilirudi kuingizwa kwa juu, jambo ninalolichukulia kama ungamo la kimya la kampuni nzima.

Kazi ya baadaye ya Uemura inaweza kuelezwa kwa kifupi zaidi. Idara yake iliunda kifaa cha diski cha Famicom cha Februari 1986, kisha Super Famicom iliyouzwa Japani kuanzia 21 Novemba 1990 kwa yeni 25,000. Safari hii kichakataji kilitoka kwenye ukoo uleule wa 6502, nacho kilikuwa cha mwendo wa wastani, huku picha na sauti zikipewa nguvu. Chipu ya sauti ilibuniwa na Ken Kutaragi wa Sony, ambaye miaka michache baadaye aliiongoza PlayStation. Mpango wa kuiwezesha mashine mpya kuzisoma kaseti za zamani uliachwa njiani. Super Famicom iliuzwa zaidi ya milioni 49 duniani, chini ya zile karibu milioni 62 za Famicom na NES kwa pamoja. Uemura alistaafu mwaka 2004, akafundisha Chuo Kikuu cha Ritsumeikan mjini Kyoto na kukiongoza kituo chake cha utafiti wa michezo, hadi alipofariki Desemba 2021 akiwa na umri wa miaka 78.

Kwa msomaji wa Afrika Mashariki kuna kiungo kimoja ambacho Nintendo haikukipanga. Famicom ya Japani haikuwa na ile chipu ya ulinzi. Kwa hiyo viwanda vya Taiwan na China vilipoanza kuinakili, na hatimaye kuikusanya saketi yote ndani ya chipu moja iliyofichwa chini ya tone jeusi la gundi, vilifuata muundo wa Japani na soketi yake ya pini 60 badala ya ule wa Marekani. Mashine hizo ndizo zilizojaa madukani kwetu kwa jina la TV game tangu miaka ya 1990, nyingine zikiwa na umbo la kuiga PlayStation, na kaseti zake za rangi zilizoandikwa mamia ya michezo ambayo kwa kweli ilikuwa michache iliyorudiwarudiwa. Wengi walioanza kucheza Super Mario Bros. Dar es Salaam au Nairobi hawakuwahi kuishika mashine yenye nembo ya Nintendo. Waliucheza kwenye nakala za mchoro wa Uemura na Ricoh, zenye kilobaiti zilezile 2 za kumbukumbu na kikomo kilekile cha vikatuni 8 kwenye mstari mmoja.